Nafuu ya Nani? Swali la Amplifaya ya Monita

Mgonjwa aliyelala wiki nzima, akiweza kuketi na kunywa uji, watu wa nyumbani husema amepata nafuu. Bidhaa isiyoumiza mfuko nayo huitwa ya bei nafuu. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati. Neno hili lilitufikia kutoka mzizi wa Kiarabu uliotupa pia manufaa, na tangu asili yake nafuu ni kile kinachomfaa mtu na kumpunguzia mzigo. Sokoni tumelikata nusu. Tukiuliza amplifaya ipi ni nafuu, tunataka kujua tu ipi ina bei ndogo, wala hatuulizi itampunguzia nani mzigo. Makala hii inashika ile nusu iliyoachwa. Hoja yangu ni kwamba kanisa linaponunua amplifaya ya monita, yaani ya zile spika zinazolala jukwaani zikiwatazama waimbaji, linajibu swali la haki kabla halijajibu swali la umeme: je, anayetumika mbele za Mungu kwa niaba ya wengine anastahili kusikia anachokitoa? Jibu likiwa ndiyo, unafuu haupimwi kwa bei iliyobandikwa wala kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi. Unapimwa kwa ukweli wa sauti inayomfikia yule aliyesimama na maiki.

Monita hukumbukwa mwisho, na sababu yake inafaa kutazamwa kwa makini. Mshirika aliyeketi benchi la tano haioni wala haisikii. Anachokiona ni spika ndefu za mbele, kinanda kipya, mikisa yenye taa nyingi. Mchango unapotangazwa, hivyo ndivyo vinavyotajwa, kwa sababu mtoaji anataka kuona sadaka yake imekuwa kitu gani. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachonunua monita na amplifaya yake, na mara nyingi kinachobaki ni kidogo. Aristotle, katika kitabu cha 4 cha Maadili ya Nikomako, anamweleza mtu bahili katika mambo makubwa: hutoa fedha nyingi kabisa, kisha huharibu uzuri wa kazi nzima kwa kubana kitu kidogo cha mwisho. Maneno hayo yalihusu matumizi ya hadhara ya Wagiriki, lakini yanaikaa kamati ya vyombo kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Kanisa linaloweza kulipa milioni kadhaa kwa sauti ya mbele, kisha likawaunganishia waimbaji amplifaya yoyote iliyopatikana, halijaokoa fedha. Limeiweka ile sauti kubwa ya mbele mikononi mwa watu ambao hawajisikii.

Mtu asiyejisikia hufanya nini? Jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio na koo, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizibwa na kelele hupandisha sauti yake mwenyewe bila kukusudia, na kelele ikiondolewa huishusha, tena bila kukusudia. Hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Haitokani na kiburi cha mwimbaji, wala haiondoki kwa kukemewa. Ni mwili unaojitafuta. Mweke sasa mwimbaji huyo kati ya ngoma, gitaa la besi na kinanda, mbele ya monita inayokwaruza. Atapandisha sauti. Jirani yake, aliyefunikwa na sauti hiyo, atapandisha ya kwake. Mpiga ngoma naye atapiga kwa nguvu zaidi ili awasikie wote. Katika uchunguzi wa kwaya uliofanywa Sweden na Sten Ternström, waimbaji kwa wastani walipendelea kuisikia sauti yao ikizidi sauti ya wenzao kwa takriban desibeli 6. Ikipungua mno wanapotea, ikizidi mno wanaimba kila mtu peke yake. Ushahidi mwingine unajulikana kwa kila mpenzi wa muziki. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles waliimba Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, bila monita za kuwafaa, na hawakuweza kujisikia kwa vifijo vya watu. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, waliacha kabisa ziara za maonyesho, na kutojisikia kulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Ikiwa watu waliozoeana kiasi kile, wakilipwa kiasi kile, walishindwa kuvumilia, tunamtaka nini mama wa kwaya aliyetoka shambani au dukani akaja mazoezi ya jioni?

Maandiko yenyewe hayakuliacha jambo hili hewani. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 5, kinasimulia kuwekwa wakfu kwa hekalu la Sulemani, na kinaeleza kwamba wapiga tarumbeta na waimbaji walikuwa kama mtu mmoja, wakitoa sauti moja, na hapo ndipo wingu lilipoijaza nyumba. Hakuna awezaye kuwa kama mtu mmoja na mwenzake asiyemsikia. Lakini mlango ulio mzito zaidi kwangu ni Nehemia 13. Nehemia anarudi Yerusalemu na kukuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mmoja shambani kwake, kwa sababu hawakupewa riziki yao. Hakuwakaripia waimbaji kwa kukosa moyo wa utumishi. Aliwakaripia wakuu. Alihesabu kukosekana kwa mahitaji ya waimbaji kuwa ni kuiacha nyumba ya Mungu yenyewe. Riziki ya siku zile ilikuwa nafaka, divai na mafuta. Mwimbaji wa leo anayesimama katikati ya ngoma na spika ana hitaji ambalo wale hawakuwa nalo kwa namna hii: kusikia. Anayemwita kuhudumu akamnyima kitendea kazi cha huduma hiyo amefanya kama wakuu wale, hata kama hakukusudia.

Hapa atasimama msomaji mwenye hoja ya zamani na yenye nguvu. Wazee wetu waliimba bila umeme, na Mungu aliwasikia. Moyo ndio unaotazamwa, amplifaya haiombi. Naikubali hoja hii kuliko wengine wanavyoikubali, na naitaka ifuatwe mpaka mwisho wake. Kanisa lenye waimbaji 15, chumba kidogo, na kinanda kimoja kilichopunguzwa sauti halihitaji monita. Lisinunue. Fedha hiyo iende kwingine, na kwaya isimame nusu duara ili kila mmoja amsikie mwenzake, jambo ambalo waimbaji wamelijua karne nyingi kabla ya waya wa kwanza. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, aliogopa kwamba wimbo unaweza kumgusa mtu kuliko neno linaloimbwa, na hofu hiyo ni ya kweli hata leo. Lakini hoja ya wazee inamtaka anayeitoa awe mkweli. Wazee hawakuimba kando ya ngoma za seti na gitaa la besi lenye spika ya inchi 15. Ukishaleta umeme kwa vyombo, umewanyima waimbaji ile hali waliyokuwa nayo wazee. Huwezi kuwaimarishia wapiga vyombo sauti kisha ukawahubiria waimbaji unyenyekevu. Ama punguzeni vyombo, ama rudisheni kwa waimbaji masikio mliyoyachukua.

Tukikubaliana kwamba kuna deni, swali linalofuata ni namna ya kulilipa bila kupoteza sadaka, na hapo tunakutana na uongo. Ukitembea katika maduka ya vifaa vya sauti ya Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, utakuta amplifaya zenye namba zinazotisha. Chukua mfano wa kifaa kilichoandikwa wati 12,000, kikitoka na plagi ya pini tatu tunayoitumia Kenya, Uganda na Tanzania. Fyuzi kubwa kabisa ya plagi hiyo ni ampea 13. Zidisha kwa volti 230: unapata takriban wati 3,000, na huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kwa mfululizo, kabla sehemu yake haijageuka joto ndani ya kifaa. Umeme ambao haukuingia hauwezi kutoka. Ni kweli kwamba muziki una vilele vya muda mfupi, kwamba kapasita za ndani huweka akiba ya kuvihudumia, na kwamba fyuzi huvumilia mzidio wa kitambo. Kwa hiyo namba ya kilele inaweza kuwa maradufu ya ile ya mfululizo bila mtu kudanganya. Lakini hakuna kapasita inayogeuza 3,000 kuwa 12,000 kwa urefu wa wimbo. Tatizo si geni. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliweka kanuni kwa amplifaya za majumbani: anayetangaza wati sharti aseme wati za mfululizo, kwa ukinzani gani, katika masafa gani ya sauti, na kwa upotoshaji wa kiasi gani. Mambo hayo manne bado ndiyo maswali bora ya mnunuzi yeyote. Karatasi ya vipimo isiyoyajibu haijasema kitu.

Kwa mtu wa dini, namba ya uongo ni zaidi ya ujanja wa biashara. Nabii Amosi, sura ya 8, anawahesabia wafanyabiashara wa Israeli dhambi ya kupunguza kipimo, kuongeza bei na kupotosha mizani, na anaiweka dhambi hiyo pamoja na kumuuza maskini. Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyoitwa kwa jina la wanaopunja vipimo, na katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasibu aliyekagua mizani sokoni. Kwa nini dini mbili zikazane na jambo linaloonekana dogo kiasi hiki? Kwa sababu kipimo ndicho lugha ya pamoja kati ya mwenye ujuzi na asiye nao. Mnunuzi hajui ndani ya kifaa kuna nini; anachojua ni namba. Namba ikiwa ya uongo, hana pengine pa kushika. Nimesikia ikisemwa kwamba hilo halina ubaya, maana kila fundi anajua kuigawanya namba ya boksi kwa 10. Fundi anajua, naam. Mtunza hazina wa usharika wa kijijini, aliyetumwa mjini na fedha za mauzo ya mahindi ya waumini, hajui. Uongo unaoeleweka na wajuzi pekee humpiga yule yule ambaye Amosi alimtetea. Na kanisa linalonunua kifaa hicho kwa kujua, kisha likatangaza madhabahuni kwamba sasa tuna wati 12,000, limeuchukua uongo wa mwingine na kuusema kwa kinywa chake.

Basi zinahitajika wati ngapi? Jibu litawashangaza wengi kwa udogo wake. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haishtuki. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, nguvu sharti iongezeke karibu mara 10. Chukua monita yenye wepesi wa desibeli 95, maana yake wati 1 ikisikilizwa kwa umbali wa mita 1 hutoa desibeli 95. Wati 10 zitatoa 105, wati 100 zitatoa 115, na kwa mwimbaji aliye mita 2 hivi tunatoa 6, tunabaki na takriban 109 kwenye vilele. Hizo ni nyingi. Sasa chukua monita ya bei ndogo zaidi yenye wepesi wa desibeli 89. Ili ilingane na ile ya kwanza, itahitaji nguvu mara nne. Anayebana bei ya spika hujikuta akiilipa kwenye amplifaya, na anayeusoma mstari huo mmoja wa wepesi kwenye karatasi ya spika anaweza kununua amplifaya ndogo, ya kweli, ikamtosha. Mstari huo hauandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini ndiyo namba ninayowasihi wanakamati waitafute kwanza.

Kuna ukuta mwingine ulio karibu zaidi kuliko wati. Monita inamtazama mwimbaji, na mwimbaji ameshika maiki. Sauti ya monita ikirudi kwenye maiki kwa nguvu inayolingana na ile iliyotoka, mzunguko unajilisha wenyewe na maiki inapiga mluzi. Mahali ukuta huo ulipo panategemea maiki, umbali wake na mdomo, uelekeo wa monita, ukuta wa saruji ulio nyuma, na idadi ya maiki zilizofunguliwa kwa pamoja. Kila zinapoongezeka maradufu, mnapoteza karibu desibeli 3 za nafasi. Amplifaya haimo katika orodha hiyo. Katika kanisa la kuta tupu na paa la bati, mluzi utafika amplifaya ikiwa bado imelala nusu. Anayenunua yenye nguvu mara nne ili waimbaji wajisikie amenunua upana wa barabara iliyofungwa kwa geti. Maiki nyingi za waimbaji, kama Shure SM58 iliyoko sokoni tangu 1966, hazisikii sana zinachopewa mgongo. Monita ikikaa nyuma ya maiki kabisa, mnapata nafasi bila kutoa shilingi. Zile za uelekeo mwembamba zaidi huwa viziwi pembeni kidogo ya mgongo, takriban nyuzi 125 kutoka mbele ya maiki, na monita inafaa isogezwe huko. Maarifa haya ni bure, na yana manufaa kuliko wati 500.

Tena masikio yana kikomo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 94 kwa saa 1, 100 kwa dakika 15. Ibada ya saa tatu pamoja na mazoezi ya jioni inaila hesabu hiyo haraka. Mwimbaji mzee anayelalamika leo kwamba hasikii monita yawezekana aliumizwa na monita ya miaka 10 iliyopita. Kwa hiyo haki ninayoidai kwa ajili yake ni sauti iliyo wazi, na ukubwa ni jambo lingine. Amplifaya ndogo isiyokwaruza humwezesha kujitambua kwa sauti ya chini. Ile inayokwaruza humlazimisha aombe iongezwe, kwa kuwa ubongo unautafuta ukweli ndani ya uchafu, na kila ikiongezwa uchafu nao unaongezeka.

Hatari nyingine za kiufundi nitazipitia upesi, maana fundi mwaminifu atazieleza. Monita mbili zenye ukinzani wa omu 8 zikiunganishwa sambamba ni omu 4. Nne ni omu 2, na amplifaya nyingi za bei ndogo hazikuumbwa kubeba hiyo. Njia mbili za amplifaya zikiunganishwa kuwa moja, kikomo cha chini cha ukinzani hupanda, mara nyingi mpaka omu 8. Husemwa pia kwamba amplifaya ndogo huua spika. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Udogo hauui, kinachoua ni kuisukuma. Amplifaya ya wati 100 iliyosukumwa mpaka mawimbi yake yawe bapa inaweza kutoa karibu wati 200, na sauti za juu zinazozaliwa hapo huichoma twita. Spika iliyopangiwa wati 200 za mfululizo inaelewana na amplifaya ya wati 200 hadi 400 kwa ukinzani ule ule, na pale ambapo vijana wanabadilishana zamu kwenye mikisa na hakuna kidhibiti cha vilele, mimi ningebaki karibu na 200. Taa nyekundu ikiwaka, mtu apunguze. Kinga dhidi ya joto, ya shoti na ya umeme wa moja kwa moja kufika kwenye spika si pambo. Bila hiyo ya mwisho, transista moja ikifa inaweza kuondoka na spika zote za upande wake.

Wapo watakaosema: tununue kubwa kwa imani, maana kanisa litakua. Naiheshimu nia hiyo, lakini naona imechanganya imani na makadirio. Kanisa likikua, spika za mbele ndizo zitakazohitaji kuongezwa, kwa kuwa watu wamekuwa wengi na ukumbi mrefu. Umbali kati ya monita na sikio la mwimbaji hautakua. Utabaki mita 2 hata washirika wakifika 3,000. Wengine, kwa upande wa pili, watauliza kwa nini senti yoyote iende kwenye vyuma ilhali kuna yatima na wajane. Swali hili liliulizwa Bethania, Mariamu alipomimina marhamu ya thamani, na Injili ya Yohana, sura ya 12, inasema aliyeuliza hakuwajali maskini. Sitalitumia jibu hilo kumnyamazisha mtu, maana leo wengi wanaouliza wanawajali kweli. Nawajibu hivi: ndiyo, maskini wana haki juu ya sadaka hii, na kwa sababu hiyo hiyo amplifaya ya uongo inayokufa baada ya miezi 8 na kununuliwa upya ni wizi juu yao. Tena tazameni kwaya zetu zimejaa akina nani. Mara nyingi maskini mnayemtetea ndiye yule aliyesimama safu ya pili, koo likimuuma.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa kanisa la kati lenye monita mbili hadi nne, itafutwe amplifaya ya njia mbili inayotangaza wati 200 hadi 300 za mfululizo kwa omu 8 kila njia, inayokubali omu 4 bila kulalamika, yenye kinga nilizozitaja. Njia moja iwe ya waimbaji, nyingine ya wapiga vyombo, ili kila kundi lipewe mchanganyiko wake. Iliyotumika, kutoka kwa mtengenezaji anayeandika vipimo kamili, inaweza kuwa bora kuliko mpya yenye namba kubwa, mradi ijaribiwe kwa saa moja ikiwa na mzigo. Uzito hauthibitishi kitu tena. Zamani transfoma kubwa ilikuwa dalili ya ukweli, lakini saketi za kisasa za umeme zimeufanya wepesi kuwa halali. Ulizeni badala yake kama fundi wa mji wenu anaweza kuitengeneza. Zile za mtindo wa zamani, wa daraja AB, zenye transista zilizofungwa kwa skrubu, humpa fundi mahali pa kuanzia. Za daraja D hutumia umeme vizuri, hazipati joto sana, lakini bodi ikiungua mara nyingi hubadilishwa yote. Wenye umeme unaopanda na kushuka, au jenereta, waingize stabilaiza katika bajeti tangu mwanzo, na feni ya amplifaya isafishwe vumbi kila baada ya miezi michache.

Na ninyi wazee wa kanisa mnaoshika funguo za sanduku la sadaka, ninawaomba jambo moja. Siku ya kununua, msiende dukani na mtunza hazina peke yake. Mchukueni mwalimu wa kwaya, na waimbaji wawili wa sauti ya pili, ile inayofunikwa kila Jumapili. Mwombeni mwenye duka awashe kifaa kikiwa kimeunganishwa na monita halisi na maiki halisi, kwa sauti ya ibada, wao waimbe ubeti mmoja na kinanda kikipigwa kando. Msilipe kabla sauti ya pili haijasema kwamba inajisikia.